Barua kwa Shangazi kuhusu Vyungu vya Wagiriki

München, Ujerumani
11 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa buheri wa afya, wewe na wote mlioko hapo Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi sijambo. Kazi ya kuwahudumia wazee inaendelea vizuri, baridi imeanza kubana, na fedha za kumalizia kuezeka jiko nimezituma kwa kaka, ambaye pia nimemwomba akusomee barua hii polepole bila kuruka mahali, hata pale atakapoona maneno yamezidi.

Umeniuliza kuhusu ile kadi yenye picha ya bakuli jekundu ambalo ndani yake kuna mtu aliyejinyoosha katika jahazi. Ulitaka kujua mambo matatu: vyombo vya namna hiyo vilipikiwa nini, weusi ule ulipatikanaje, na yule bwana anafanya nini peke yake baharini katikati ya samaki. Maswali mawili ya kwanza ni ya mfinyanzi kama wewe, nami nimeyatafutia majibu kwa bidii kwa sababu najua hutaridhika na majibu ya juu juu. Hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike kurasa zote hizi.

Vyombo hivyo viko katika jumba la makumbusho ya vitu vya kale lililoko uwanja wa Königsplatz. Jumapili kiingilio ni euro 1 tu, kwa hiyo ninapokuwa sina zamu huenda huko na kukaa hadi watufukuze. Vingi vilifinyangwa mjini Athene, Ugiriki, kati ya miaka 2,600 na 2,400 iliyopita, katika mtaa wa wafinyanzi uliokuwa ukiitwa Kerameikos. Hakuna hata kimoja kati ya hivi nitakavyokueleza kilichopikiwa chakula. Wagiriki walikuwa na vyungu vya kupikia, vizito, visivyo na urembo, vyenye masizi, na hivyo havikupata heshima ya kuwekwa nyuma ya kioo kwa wingi. Vilivyochorwa vilikuwa vyombo vya karamu na vya ibada. Kulikuwa na mitungi mikubwa yenye vishikio viwili ya kuwekea divai au mafuta; mabakuli mapana ya kuchanganyia divai na maji, maana Wagiriki walimwona mtu anayekunywa divai bila maji kuwa mshenzi; vichupa vyembamba vya mafuta ambavyo vingine vilipelekwa makaburini; na mtungi mmoja wa maji ambao ungeupenda, kwa kuwa una vishikio vitatu: viwili vya ubavuni kwa ajili ya kuunyanyua, na kimoja cha nyuma kwa ajili ya kuumimina. Lile bakuli la kwenye kadi ni la kunywea divai. Lina mguu mfupi na vishikio viwili, na kipenyo chake ni kama sentimita 30, yaani mnywaji alilishika kwa mikono yote miwili.

Sasa weusi. Shangazi, ule si rangi ya kununua wala si moshi uliogandamana kama mnavyoweza kuupata kwenye moto wa nyasi. Ni udongo uleule wa chungu. Mafundi wa Athene waliuchukua udongo wao wenye chuma kingi, wakaukoroga kwenye maji na kuuacha utulie, chembe nzito zikazama, wakamwaga zile nzito na kubaki na uji mwembamba kabisa wenye chembe laini kupita zote. Uji huo ndio waliouchorea. Fikiria ugumu wake: kabla ya kuchomwa, uji na mwili wa chungu vilikaribiana sana kwa rangi, kwa hiyo mchoraji alifanya kazi akiona tofauti ndogo tu ya wekundu na mng'ao, huku weusi wenyewe ukiwa bado haujazaliwa.

Weusi ulizaliwa ndani ya tanuri. Tanuri lao lilikuwa la kuba, moto ukiwa chini, vyombo vikiwa juu ya sakafu yenye matundu, na tundu la kutolea moshi kileleni. Kwanza waliacha hewa ipite mpaka joto lifike kama nyuzi 800, na kila kitu kikawa chekundu. Kisha waliziba matundu, wakaongeza kuni mbichi au majani yenye unyevu, na joto likapanda kupita nyuzi 900. Moto usiopata hewa hujitafutia oksijeni popote ilipo, hata ndani ya udongo wenyewe, kwa hiyo chuma kilichokuwa chekundu kikageuka cheusi katika chombo chote, ndani na nje. Wakati huohuo ule uji laini uliyeyuka kidogo na kujifunga kama kioo. Mwishoni walifungua tena matundu. Hewa iliporudi, mwili wa chungu, ambao una vinyweleo, uliivuta na kurudia wekundu wake, lakini pale palipopakwa uji palikuwa pamekwisha kujifunga, hewa haikupata pa kuingilia, na weusi ukabaki humo milele. Mchomo mmoja, hatua tatu, na kosa dogo katika yoyote kati ya hizo lilitosha kuharibu mzigo mzima. Kwenye mitungi kadhaa nimeona mahali palipotakiwa kuwa peusi pamebaki na doa jekundu, kwa sababu chombo kimoja kiliegemea kingine tanurini na joto au moshi haukufika sawasawa. Mteja alikichukua hivyohivyo.

Siri hii ilipotea kwa karne nyingi. Watu walijaribu kuiga weusi huo kwa rangi za kila aina, na ni mkemia Mjerumani, Theodor Schumann, aliyeonyesha mwaka 1942 jinsi unavyoweza kupatikana tena kwa udongo uliochujwa na kwa kufunga na kufungua hewa.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa kuwa ndilo ulilouliza, lakini pia kwa sababu bila hilo huwezi kuuelewa uchoraji wenyewe. Fundi alichora umbo lote kwa uji, kama kivuli, kisha akachukua ncha kali na kukwaruza mistari ndani ya kivuli hicho ili wekundu wa chini uonekane: jicho, nywele za ndevu, mikunjo ya nguo, misuli ya paja. Ngozi ya wanawake aliipaka udongo mweupe juu yake, na ndevu au pindo la vazi mara nyingi akalitia zambarau. Mkwaruzo haufutiki. Ukikosea jicho la shujaa, basi shujaa wako ni chongo.

Aliyeiweza kazi hiyo kuliko wote, kwa macho yangu, anaitwa Exekias. Aliishi Athene na kufanya kazi kati ya mwaka 550 na 530 hivi Kabla ya Kristo. Ni mfinyanzi na mchoraji pia, maana kwenye vyombo vingine aliandika kwamba amekifinyanga na kukichora yeye mwenyewe, jambo ambalo si wengi waliliweza. Lile bakuli la kadi lina jina lake ukingoni mwa mguu.

Na sasa yule bwana. Ni Dionysos, mungu wa divai katika dini ya zamani ya Wagiriki. Kisa chake kimo katika utenzi wa kale wa kumsifu. Dionysos alikuwa amesimama ufukweni katika umbo la kijana mzuri mwenye joho la zambarau, maharamia wakapita, wakadhani ni mtoto wa mfalme, wakamteka ili wakamuuze au wadai fidia. Walijaribu kumfunga, lakini kamba zilimwanguka zenyewe mikononi na miguuni. Nahodha wa usukani peke yake akawaonya wenzake kwamba huyu si mwanadamu, wamrudishe nchi kavu haraka, nao wakamkemea. Punde divai ikaanza kutiririka chomboni, mzabibu ukatanda juu ya tanga na kuning'iniza vishada, mungu akageuka simba akanguruma, na maharamia kwa hofu wakajitupa baharini, ambako waligeuzwa pomboo. Aliyenusurika ni yule wa usukani.

Utakumbuka kwamba kwenye picha hakuna simba, hakuna kamba, hakuna maharamia wala mwenye usukani. Exekias ameyaacha yote hayo. Amechora jahazi lenye tanga jeupe lililojaa upepo, mungu amejilaza na taji kichwani, akiwa mkubwa kupita kiasi kwa chombo hicho, mzabibu umepanda kwenye mlingoti na kutandaza vishada saba vya zabibu pale ambapo pangekuwa mbingu, na kuzunguka jahazi kuna pomboo saba. Basi. Fujo imekwisha, wabaya wamekwisha, na anayejua kisa akiwahesabu wale pomboo anajua anawahesabu akina nani. Asiyekijua ataona mtu anayepumzika na samaki wanaocheza, kama ulivyoona wewe, na hata hivyo ataipenda.

Hili ndilo ninalotaka kukueleza hasa, Shangazi. Siku za kwanza nilivitazama vyombo hivi kana kwamba vinasimulia visasili, na nikawa navidai hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho. Havisimulii. Aliyenunua bakuli mjini Athene alikuwa amezisikia habari hizo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, kwa hiyo kazi ya mchoraji haikuwa kumwambia kilichotokea. Kazi yake ilikuwa kuchagua mahali pa kukisimamisha kisa, na ustadi wa mmoja dhidi ya mwingine unaonekana hapohapo, katika uchaguzi huo, kabla hata hujaangalia mkono wake ni mwepesi kiasi gani.

Kuna jambo jingine kwenye bakuli hilo ambalo kadi haikuweza kulionyesha. Ndani, Exekias hakuacha rangi ya kawaida ya chungu bali alipaka uji mwingine uliotoa wekundu mkali kama marijani, na hakuchora mstari wa maji wala mawimbi. Bakuli likijazwa divai, picha inazama. Mnywaji anapokunywa, tanga linaanza kuonekana, kisha zabibu, kisha mungu mwenyewe, na bahari ni ileile anayoimeza. Upande wa nje kuna macho makubwa mawili kila ubavu, kwa hiyo mtu alipoliinua bakuli usoni ili amalize tone la mwisho, wenzake waliokaa mbele yake waliona barakoa ikiwakodolea. Kwenye vishikio kuna watu wadogo wanaopigania maiti ya askari, nami sijaelewa kwa nini aliwaweka huko.

Ule utenzi unasema maharamia wale walikuwa Watirheni, na hilo ndilo jina ambalo Wagiriki waliwaitia Waetruski wa Italia. Bakuli lenyewe lilichimbuliwa Vulci, mji wa Waetruski, ambao walinunua vyombo vya Athene kwa maelfu na kuzikwa navyo katika makaburi yaliyochongwa ardhini. Ndiyo maana vimetufikia vikiwa vizima. Kuanzia mwaka 1828 makaburi ya Vulci yalifukuliwa kwa pupa, na Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria, ambako ndiko iliko München, akawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, na ndivyo vingi vilivyofika hapa. Kwa hiyo Mwetruski mmoja tajiri alilazwa kaburini na bakuli linaloonyesha mababu zake wakiwa wamegeuzwa samaki. Labda hakukijua kisa hicho, au alikijua na kukiona kichekesho. Mimi napenda kuamini alikijua.

Ili uone kwamba sikumsifu Exekias kwa bahati ya chombo kimoja, nimekutumia picha ya mtungi wake mwingine, ambao haupo huku bali uko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa. Ni kisa cha Ajax, shujaa mkubwa wa Wagiriki katika vita vyao dhidi ya mji wa Troia. Shujaa mwenzake Achilles alipokufa, silaha zake zilishindaniwa na Ajax na shujaa mwingine, Odysseus, akapewa Odysseus. Ajax akarukwa na akili, akaua mifugo akidhani ni maadui zake, na alipozinduka aibu ilimshinda, akaamua kujiua kwa kuuangukia upanga. Wachoraji waliotangulia walimwonyesha akiwa tayari amechomwa, upanga umetokeza mgongoni. Exekias amerudi nyuma hatua moja. Ajax amechuchumaa peke yake, uchi, kando yake kuna mtende, ngao na chapeo vimewekwa pembeni, naye anausimika upanga ardhini mpini ukiwa chini na ncha juu. Tazama mikono. Anaushindilia udongo kuzunguka mpini kwa vidole, taratibu, ili upanga usiyumbe. Mtu aliyekuwa mfinyanzi maisha yake yote ndiye aliyejua kumpa shujaa mikono ya namna ile. Kwenye paji la uso amekwaruza mikunjo miwili mitatu, na huzuni yote imekaa hapo.

Utauliza pia kwa nini kwenye picha nyingine mambo yamepinduka, yaani watu ni wekundu na nyuma yao ni weusi. Karibu mwaka 525 Kabla ya Kristo mafundi wa Athene waligeuza utaratibu: walipaka uji mandharinyuma yote na kuacha watu katika rangi ya udongo, kisha mistari ya ndani wakaichora kwa brashi badala ya kuikwaruza. Ncha ya chuma hukataa kupinda vizuri, lakini brashi hufuata mkono, kwa hiyo ghafla watu wakaanza kugeuza mabega, kukunja viungo, kuonyesha nyayo. Hapa München kuna mtungi mmoja wa wakati wa mageuzi hayo wenye picha moja pande zote mbili, shujaa Herakles akiwa amejiegemeza kitandani kwenye karamu na mungu wa kike Athena akiwa amesimama mbele yake: upande mmoja ni kwa mtindo wa zamani na upande wa pili kwa mtindo mpya. Inasemekana ni wachoraji wawili. Ukizunguka mtungi huo mara kadhaa unaona ni kana kwamba duka lilikuwa likimwambia mteja achague anachotaka. Mimi, kwa Herakles huyo, nachagua mweusi, kwa maana wa pili amekuwa laini mno kwa mtu aliyenyonga simba.

Herakles, kwa taarifa yako, utamkuta kila mahali. Hutambulikana kwa ngozi ya simba na rungu, kama vile Poseidon, mungu wa bahari, anavyotambulikana kwa mkuki wake wa meno matatu na Hermes, mjumbe wa miungu, kwa viatu vyenye mbawa. Na pale alama zisipotosha, mchoraji aliandika majina kando ya vichwa.

Waliandika pia mambo mengine. Kuna mtungi wa urefu wa karibu sentimita 60 uliochorwa na Euthymides kati ya mwaka 510 na 500 hivi Kabla ya Kristo. Upande mmoja Hektor, mtetezi wa Troia, anavaa silaha kati ya baba yake na mama yake, kisa ambacho kila Mgiriki alijua kitaishia kwa kifo chake, kwa hiyo kule kuvaa tu kunatosha kuumiza. Upande wa pili kuna wanaume watatu waliolewa wanaocheza ngoma, miili imepindwa mbele na nyuma, na mmoja anatuonyesha mgongo wake wote. Kando yao Euthymides ameandika maneno ambayo maana yake ni "kama ambavyo Euphronios hakuwahi kufanya kamwe". Euphronios alikuwa fundi mwenzake hapohapo Athene, tena fundi wa kuogopwa. Nilicheka hadi mlinzi akanitazama. Miaka 2,500 imepita na majigambo yale bado yana moto, ingawa nimeona picha za kazi za Euphronios na sidhani kama alihitaji kuogopa chochote.

Wachoraji wengi hawakuandika majina yao. Mtaalamu mmoja wa Oxford, John Beazley, aliyefariki mwaka 1970, alitumia maisha yake yote kuwatambua kwa mikono yao tu: namna huyu anavyochora sikio, yule anavyochora kifundo cha mguu. Wale asiowajua kwa majina aliwabatiza majina ya vyombo vyao au ya miji vilikohifadhiwa. Watu humu ndani hulitaja jambo hilo kwa mshangao, lakini wewe siku ya soko la Matema, vyungu vikiteremshwa kwenye mitumbwi, unajua kila kimoja ni cha nani kabla hujakigeuza, nawe hukusomea Oxford.

Mmoja wa wasio na majina anaitwa Mchoraji wa Penthesilea, kutokana na bakuli lililoko hapa la karibu mwaka 460 Kabla ya Kristo. Ni bakuli kubwa ajabu, zaidi ya sentimita 40 kwa upana, na ni miongoni mwa vinavyosifiwa kuliko vyote katika jumba hili. Penthesilea alikuwa malkia wa Waamazoni, taifa la wanawake wapiganaji, aliyekuja kuisaidia Troia akakutana na Achilles. Achilles alimuua, na wanasema katika nukta ileile ya kumchoma macho yao yakakutana, naye akampenda. Basi mchoraji huyu hakurudi nyuma hatua moja kama Exekias wala hakusubiri fujo iishe. Amesimamisha kisa katikati ya pigo. Upanga umeshazama karibu na shingo, malkia amepiga magoti, mkono wake umegusa kifua cha Achilles kama anayesihi, na uso wake umeinuliwa kumtazama. Achilles naye anamtazama kutoka ndani ya chapeo. Kati ya macho na macho hakuna upana wa kidole changu.

Niseme ukweli, Shangazi, bakuli hilo lilinichosha mwanzoni, kwa sababu watu wamebanwa mno ndani ya duara. Kuna askari mwingine wa Kigiriki anayepita nyuma, kuna Mwamazoni aliyeanguka upande wa pili ambaye mwili wake umelazimika kukunjwa ili ufuate mviringo, na kishungi cha chapeo kinaingia kwenye pindo la urembo. Exekias asingekubali. Lakini siku moja nilisimama upande ambao taa haing'arishi kioo, nikaona kwamba ule msongamano unawanyima wale wawili njia ya kuondoka: mwanamume hawezi kurudi nyuma, mwanamke hawezi kuanguka zaidi. Tangu hapo nimeacha kulisema vibaya, ingawa kulipenda ni jambo jingine.

Utauliza kama kulikuwa na wanawake katika karakana hizo. Kinyume na kwenu, kazi hii Athene ilikuwa zaidi ya wanaume, lakini kuna mtungi mmoja ulioko Italia unaoonyesha karakana ya wachoraji, na pembeni, kwenye kiti chake, amekaa mwanamke mwenye brashi akirembesha chombo kikubwa. Wanaume wanavikwa mataji ya ushindi na miungu. Yeye hakuna anayemjali, anaendelea na kazi. Kulikuwa pia na wageni. Mchoraji mmoja alitia sahihi ya Lydos, yaani mtu wa Lydia, nchi iliyokuwa upande wa Uturuki wa leo, na mfinyanzi mwingine mashuhuri, Amasis, alikuwa na jina la mfalme wa Misri. Visasili vya Wagiriki, basi, vimetufikia kwa sehemu kupitia mikono ya watu waliovisikia wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, ugenini, kazini.

Nisikuchoshe na vingine, ingawa kuna bakuli jeupe lenye mwanamke mfuasi wa Dionysos aliyejifunga ngozi ya chui na nyoka kichwani ambalo lingestahili barua yake. Kimoja tu cha mwisho, kwa sababu ni cha watu wa maji. Ni jagi la zamani zaidi kuliko vyote nilivyovitaja, la karne ya 8 Kabla ya Kristo, wakati watu walichorwa kama vijiti vyenye vifua vya pembetatu. Shingoni mwake kuna jahazi lililopinduka, mabaharia wanaelea huku na huku katikati ya samaki, na mtu mmoja amekaa juu ya mkuku kama aliyepanda punda. Wataalamu wanabishana kama ni Odysseus, ambaye jahazi lake lilivunjwa na radi ya Zeus, mfalme wa miungu, baada ya wenzake kula ng'ombe wa mungu wa jua, naye akasalia peke yake. Wanaokataa wanasema hakuna jina lililoandikwa, na kwamba Odysseus alipona wenzake wakiwa wamekwisha kupotea, lakini hapa bado wamejaa majini. Mimi nipo upande wa wanaokataa. Watu wanaoishi kando ya maji hawahitaji utenzi ili wachore chombo kilichopinduka, na huyu aliyechora alijua kabisa mtu hushika wapi.

Picha nimezitia ndani ya bahasha na kuziandika nambari kwa penseli nyuma yake: 1 ni sehemu ya nje ya bakuli la Exekias yenye macho, 2 ni Ajax na upanga, 3 ni mtungi wa walevi wa Euthymides, 4 ni Penthesilea, na 5 ni jagi la jahazi. Nambari 6 nimeipiga mwenyewe kwa ajili yako: ni mtungi wenye doa jekundu lile nililokueleza, na ningependa uniambie, kwa uzoefu wako, kama ni kweli kwamba chombo kiliegemea kingine au kama wamekisia tu, kwa maana doa lenyewe nimeliona refu na jembamba kuliko alama ya kuegemeana. Wadogo zangu wakitaka picha za kubandika kwenye madaftari ya shule, wape Penthesilea na walevi, lakini Ajax abaki kwako.

Nisalimie mama mdogo, majirani wote, na wenzako wa ufinyanzi. Kaka akumbuke kunijulisha mabati yakishafika.

Ni mimi mwanao akupendaye,
wa München